Mgonjwa wa Kiharusi Aamshwe Mara Ngapi?

Mazungumzo ya leo yanahusu usiku wa kwanza wa mgonjwa wa kiharusi hospitalini, na hasa swali moja ambalo ndugu wa mgonjwa hawajui kama lipo. Muuguzi amwendee mgonjwa huyo mara ngapi, amwamshe, amuulize maswali, ammulike machoni na kumwambia anyanyue mikono?

Nalianzia huku juu milimani, mkoani Kigoma. Kalinzi ni nchi ya kahawa, migomba na maharage. Watu wake wanapanda na kushuka milima tangu utotoni, na wengi wanaamini kwamba anayeshika jembe kila siku hapati presha. Anaipata, na mara nyingi anaijua siku anayoanguka. Ni alfajiri, mzee ametoka nje kunawa uso, anarudi ndani mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, maneno yanamtoka nusunusu. Anaitwa jirani. Pengine anaitwa mtu wa maombi, au mganga wa kienyeji. Kisha gari linatafutwa. Mama mjamzito na mtoto mchanga siku hizi wana M-mama: unapiga 115 bila malipo, usafiri unapangwa. Mgonjwa wa kiharusi hana namba ya namna hiyo. Familia inachanga nauli, inakodi gari dogo, au inambana katikati ya watu wawili kwenye bodaboda mpaka kituo cha afya, na kutoka hapo barua ya rufaa inamshusha Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, Kigoma mjini. Barabara ya Manyovu ina lami, tunashukuru. Wenzetu wa Mtanga na Mwamgongo, kwenye mwambao wa ziwa, wanangoja boti.

Akishalazwa na kuwekewa dripu, ndugu wanashusha pumzi. "Tumemfikisha," wanaambiana, na simu zinapigwa nyumbani. Wana haki ya kupumzika. Lakini saa zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa, na anayezilinda ni muuguzi wa zamu, akiwa na tochi, kalamu na karatasi.

Tusije tukadhani haya ni maradhi ya Ulaya. Kati ya mwaka 2003 na 2006, timu ya watafiti iliyoongozwa na Richard Walker ilihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika eneo la Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Tofauti za umri zikishasawazishwa, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa kama 316, kiwango kinachozidi cha nchi nyingi tajiri. Nawataja watu wa Hai kwa makusudi, maana nao ni watu wa kahawa na migomba kama sisi. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2008 uliwauliza watu wa sehemu hizo hizo kiharusi kinatoka wapi. Mjini Dar es Salaam wengi walitaja majini na uchawi, na kijijini Hai walitaja presha, mafuta na mawazo. Anayedharau watu wa shamba kwamba ndio wenye imani za kizamani, hilo alitafakari.

Sasa, kwa nini mgonjwa apimwe tena na tena, wakati daktari amekwisha kumwona?

Kiharusi ni cha namna mbili. Ama mshipa wa damu kichwani umeziba, ama umepasuka na damu inavujia ndani ya ubongo. Kwa kumtazama mgonjwa huwezi kuwa na uhakika ni kipi. Hiyo ni kazi ya CT-Scan, na miaka ya karibuni mashine hizo zimefika hospitali za rufaa za mikoa. Lakini picha ya CT-Scan inaonyesha dakika ile iliyopigwa, basi. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika inayopita ubongo hupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9. Na damu ikivuja, haisimami kwa kuwa mgonjwa amefika hospitali. Mwaka 1997 Thomas Brott na wenzake, huko Cincinnati, waliwarudia kwa picha wagonjwa waliofika mapema, wakakuta kwamba kwa kama robo yao damu ilikuwa imeongezeka ndani ya saa moja tu baada ya picha ya kwanza. Halafu kuna uvimbe. Sehemu kubwa ya ubongo ikikosa damu huvimba, na uvimbe huo hufikia kilele baina ya siku ya pili na ya tano, wakati ndugu wameanza kusema afadhali.

Kwa hiyo mtu aliyeongea vizuri saa mbili usiku anaweza kuwa hajitambui saa nane, na hakuna mashine ya bei nafuu itakayokuita. Anayeweza kuligundua hilo ni mtu aliyempima saa mbili, akaandika, akarudi.

Niliwahi kukesha katika hospitali moja nikimuuguza mzee wa ukoo wetu, nikamwona muuguzi akiifanya kazi hii inavyotakiwa. Alikuja na tochi ndogo mfukoni na chati kwapani. "Shikamoo, mzee." Kimya. Akamgusa bega, akarudia kwa sauti zaidi. Macho yakafunguka. "Hapa ni wapi, mzee?" "Hospitali." "Nani huyu amekaa hapa?" Akanitaja jina. Akamwambia afumbe macho na anyanyue mikono yote miwili, viganja juu, kama anaomba dua. Mwenyewe akawa anahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mkono wa kushoto ulibaki juu. Wa kulia ulianza kushuka taratibu, kiganja kikigeuka kuelekea chini. Miguu nayo vilevile, mmoja baada ya mwingine. Akamulika jicho moja kutoka pembeni, akatazama mboni inavyosinyaa, akaenda kwenye jicho la pili. "Nionyeshe meno, mzee." Akaandika. Kabla hajaondoka alifanya jambo ambalo sijalisahau: aliweka kidole kwenye mstari wa saa iliyopita, akaulinganisha na aliouandika. Ndipo akaenda kitanda cha jirani. Yote hayo yalichukua dakika chache.

Zile alama alizoandika zinatokana na kipimo cha fahamu kilichotungwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, katika mji wa Glasgow, Uskoti. Macho yana alama 4, maneno 5, mwitiko wa viungo 6. Aliye macho na anayejitambua hupata 15, na asiyeitikia chochote hupata 3. Kipimo hiki kimeokoa watu wengi, lakini kwa kiharusi kina tundu. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi huondoa uwezo wa kusema. Mgonjwa yuko macho, anakusikia, anamjua mkewe, ila neno halitoki. Kwenye maneno atapewa alama 1, na anayesoma jumla bila kumwona mtu atadhani anaelekea kuzimia. Kinyume chake kipo pia. Mtu anaweza kuwa na 15 kamili huku mkono uliokuwa na nguvu saa moja iliyopita sasa umelegea. Ndiyo maana muuguzi wangu yule hakuishia kwenye macho na maneno. Alipima mikono, miguu, uso na mboni, na kila kimoja alikiandika peke yake. Kuna kipimo kirefu zaidi cha Marekani, NIHSS, chenye alama kutoka 0 hadi 42, na kinahitaji mafunzo. Asiyekijua asikate tamaa. Vitu nilivyovitaja, vikipimwa kwa namna ileile kila mara, vinatosha kugundua mgonjwa anayeteleza.

Nimesema kwa namna ileile, na hapa Kigoma kuna jambo ambalo fomu iliyochapishwa Dar es Salaam hailijui. Muuguzi amepangiwa kazi huku akitokea Mbeya, au Mara, au Tanga. Mgonjwa ni bibi wa Kalinzi ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani. Nyumbani, shambani na usingizini anasema Kiha. Usiku ule amechoka, kichwa kinauma, ubongo umeumia. Anaulizwa, "Bibi, leo tarehe ngapi?" Anajibu kwa Kiha, jibu refu na pengine sahihi. Muuguzi haelewi, anaandika kwamba mgonjwa anatoa sauti zisizo na maana. Amemnyang'anya alama 3. Zamu ya usiku inaingia, muuguzi ni mtoto wa Kasulu, anamsalimu bibi kwa lugha yake, wanaongea, anampa alama zote. Asubuhi yule wa kwanza anarudi na alama zinashuka tena. Ukiitazama chati utadhani bibi amepona usiku na kuharibika asubuhi, na hali yake haikubadilika hata kidogo. Ubaya wa chati ya namna hiyo ni kwamba wodi nzima inazoea kuona alama zikipanda na kushuka, na siku zitakaposhuka kweli hakuna atakayeshtuka.

Na hata kwa Kiswahili, tarehe ni swali la nani? Kuna wazee wetu wenye akili timamu ambao hawajawahi kuishi kwa tarehe. Ukimuuliza kahawa imeshavunwa au bado, atakujibu barabara. Ukimuuliza soko lao ni siku gani, jina la kifungua mimba wake, kijiji alikoolewa, atakujibu. Napendekeza hivi: mgonjwa anapopokelewa, muuguzi akae na ndugu dakika mbili, wachague maswali matatu ambayo mgonjwa huyo alikuwa anayajibu jana bila kufikiri, wayaandike juu ya chati pamoja na majibu yake na lugha itakayotumika. Kila zamu iulize hayo hayo. Ndugu anayejua Kiha asaidie kutafsiri, na hilo nalo liandikwe. Anayetoka ng'ambo ya Manyovu na kusema Kirundi ataelewana na Muha bila shida, kwa hiyo wodini hakosekani mtu wa kuitwa.

Turudi kwenye mara ngapi.

Ratiba inayotajwa sana duniani ilikuja na dawa ya kuyeyusha donge la damu. Jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba dawa hiyo inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kiharusi kianze, na mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukasogeza mpaka hadi saa 4 na nusu. Lakini dawa yenyewe inaweza kufanya damu ivuje kichwani. Kwa hiyo aliyepewa hupimwa ubongo na presha kila dakika 15 kwa saa 2, kila nusu saa kwa saa 6 zinazofuata, kisha kila saa mpaka saa 24 zitimie. Ukijumlisha ni mara 36 kwa siku moja. Ratiba hiyo imetungwa kwa wodi ambamo muuguzi mmoja ana mgonjwa mmoja au wawili. Kigoma, usiku, muuguzi mmoja anaweza kuwa na wodi nzima, na kati ya vitanda vyake yuko mwenye malaria kali, mwenye kisukari, na aliyetoka tu kupata ajali ya bodaboda. Na wagonjwa wetu walio wengi hawaipati dawa hiyo, maana saa zake huishia njiani.

Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio liitwalo OPTIMIST, lililofanyika katika hospitali zaidi ya 100 za nchi 8, kwa wagonjwa karibu 5,000. Wote walikuwa wamepewa dawa hiyo na kiharusi chao hakikuwa kikali. Hospitali zilianza na ratiba ya zamani. Baadaye, kwa awamu, zilihamia kupima kila dakika 15 kwa saa 2, kisha kila saa 2 kwa saa 8, kisha kila saa 4. Hiyo ni chini ya nusu ya zile mara 36. Baada ya miezi 3, waliopimwa mara chache hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Kwangu mimi hii ni habari kubwa, kwa sababu imepimwa kwa ushahidi kwamba muuguzi anaweza kupunguziwa mizunguko na mgonjwa akalala, bila madhara, mradi mgonjwa ametulia na saa za mwanzo zimelindwa. Ila tusiinyooshe kupita inapofika. Walikuwa na kiharusi chepesi au cha kati. Habari hii haimhusu mgonjwa aliyeletwa hajitambui, wala ambaye damu imemvujia kichwani.

Mkulima wa Kalinzi anaielewa ratiba ya namna hii kuliko profesa. Kahawa iliyooshwa, ikimwagwa kwenye vitanda vya kuanikia ikiwa mbichi, siku za kwanza inageuzwa mara kwa mara. Ikizidi kukauka mizunguko inapungua. Wingu likitanda, kila mtu anakimbilia vitandani hata kama aligeuza sasa hivi.

Basi mimi ningependa kuona hivi, daktari asipoagiza vingine na mwongozo wa hospitali usiposema vingine. Kipimo cha kwanza mgonjwa anapofika, kabla hata dripu haijatundikwa. Saa 6 za mwanzo, kila saa; kama fahamu si kamili au damu imeonekana kuvuja, kila nusu saa. Kisha kila saa 2 mpaka saa 24 zitimie. Kisha kila saa 4 mpaka siku 3 ziishe, kwa sababu ya ule uvimbe nilioutaja. Baada ya hapo, walau kila zamu. Kwa mgonjwa aliyetulia ni mara 15 katika siku ya kwanza. Kila mara ikichukua dakika 5, ni saa moja na robo katika saa 24, imegawanywa kwa zamu tatu. Hilo linawezekana hata kwetu, na hasa likiunganishwa na kazi nyingine. Mgonjwa aliyepooza hugeuzwa kila saa 2 ili asipate vidonda vya mgongo. Basi ageuzwe, apimwe ubongo, presha na joto kwa mkupuo mmoja, kisha aachwe alale. Kumwamsha saa saba kwa presha, saa saba na nusu kwa sindano, saa nane kwa tochi, ni kumtesa, na mzee aliyekoseshwa usingizi huanza kuweweseka, halafu hatujui tena kama kilichoharibika ni ubongo au ni usingizi.

Kitu ambacho sikikubali ni chati inayojazwa mwisho wa zamu. Nimeiona. Mistari minane, saa kwa saa, kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano, kwa wino uleule na mwandiko usiopumua. Namwelewa muuguzi aliyeijaza: aliambiwa kila saa, akawa peke yake, akaogopa kuulizwa. Kosa liko kwa aliyetoa agizo ambalo alijua halitekelezeki. Vipimo 6 vya kweli vinamsaidia mgonjwa kuliko 24 vya kubuni, kwa sababu vya kubuni humwambia daktari kwamba usiku ulikuwa shwari. Wakuu wa wodi, kaeni na wauguzi wenu mkubaliane idadi inayowezekana, na siku isipowezekana, nafasi iachwe wazi na sababu iandikwe.

Na zamu zinapopokezana, msipokezane mezani. Anayetoka na anayeingia wasimame kitandani, wampime pamoja. Wakitofautiana alama, waelewane pale pale, mgonjwa akiwa mbele yao.

Kipimo kisicho na hatua ni kazi bure, kwa hiyo kila chati iwe na maandishi yanayosema lini daktari aitwe. Alama za fahamu zikishuka kwa 2 au zaidi. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine. Mkono au mguu uliokuwa na nguvu ukilegea. Degedege. Kutapika na kichwa kuuma ghafla. Kukitokea lolote kati ya haya daktari anaitwa hata kama ni saa tisa za usiku, presha, sukari na upumuaji vinatazamwa wakati anakuja, na vipimo vinakuwa vya kila robo saa. Muuguzi aliyempigia daktari simu kisha ikaonekana ni salama hajakosea chochote, na daktari anayemfokea anawafundisha wauguzi wote wa wodi ile kunyamaza.

Kuna mambo matatu madogo yanayoandamana na tochi: homa, sukari na kumeza. Mwaka 2011 Sandy Middleton na wenzake wa Australia walitangaza matokeo kutoka wodi 19 za kiharusi. Katika baadhi ya wodi hizo wauguzi walifundishwa kupima joto mara kwa mara kwa siku 3 za mwanzo na kulishusha, kupima sukari na kuirekebisha, na kuhakikisha mgonjwa anaweza kumeza kabla ya kupewa chakula au dawa ya kinywani. Siku 90 baadaye, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 katika wodi hizo, na asilimia 58 katika zile nyingine. Hakuna mashine ya ajabu hapo. Kuna kipimajoto, vijiti vya sukari, kijiko cha maji na muuguzi aliyeruhusiwa kuchukua hatua.

Nanyi ndugu mnaouguza, sikilizeni hili la kumeza. Mgonjwa wa kiharusi hana haja ya uji wa haraka. Najua mama amekuja na chupa ya uji kutoka Kalinzi, umbali wote ule, na moyo unamuuma kumwona mumewe na njaa. Koo lililopooza hupeleka uji mapafuni, na nimonia inayofuata huua wagonjwa ambao kiharusi kiliwaacha hai. Mngojeni muuguzi ajaribu kwa maji kidogo, mgonjwa akiwa ameketishwa wima.

Na hili la pili ni la usiku. Mgonjwa anakoroma. Kila mtu wodini anafurahi: amelala fofofo, mwacheni apumzike, amehangaika mchana kutwa. Huenda amelala kweli. Huenda pia fahamu imeondoka, ulimi umerudi nyuma, na huo mkoromo ni njia ya hewa inayoziba. Kwa macho, vyote viwili vinafanana. Tofauti inajulikana kwa kumwita jina na kumgusa. Aliyelala ataamka, atanung'unika, ataomba maji. Kwa hiyo muuguzi akija saa nane kumwamsha, msimzuie na msimwite katili. Akichelewa, mwamsheni wenyewe kwa upole, na akishindwa kuamka kama alivyoamka mwanzo, mkamwite muuguzi kwa miguu yenu. Ninyi mnaujua uso wa mtu wenu kuliko mtu yeyote wodini. Mkiona mdomo umezidi kwenda upande, au maneno yaliyokuwepo jioni hayapo, semeni. Muuguzi mwenye busara anawaambia hayo mapema, anawaonyesha jinsi ya kumwambia mgonjwa anyanyue mikono, na anawapa ruhusa ya kumsumbua.

Nimalizie na vituo vya afya vya huku juu, kwa sababu kipimo cha kwanza chenye thamani kinapatikana huku. Muuguzi au tabibu wa kituoni anapoandika barua ya rufaa, "kiharusi, apelekwe Maweni" haitoshi. Aandike saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, alama zake za fahamu kwa macho, maneno na viungo, mkono upi na mguu upi umelegea na kwa kiasi gani, mboni, presha, sukari, na saa aliyompima. Mgonjwa akipokelewa Maweni baada ya saa mbili akiwa na alama 11, daktari atajua kama alitoka Kalinzi na 11 au alitoka na 15. Huyu wa pili ameharibika njiani na hawezi kungoja foleni.

Vifaa vyake ni tochi ndogo na betri za akiba, mashine ya presha iliyo nzima, kipimajoto, vijiti vya sukari ambavyo havijaisha muda, na rimu ya karatasi za chati. Wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo mnaonisikia, fedha za kituo mnazipitisha ninyi. Ingizeni vitu hivyo kwenye mpango wa robo mwaka hii, na mkishavinunua, mumwombe mganga mfawidhi awaonyeshe barua ya rufaa ya mgonjwa wa mwisho wa kiharusi aliyetoka kituoni kwenu, jina likiwa limefunikwa, muone kama alama ziliandikwa.